Usiung'oe Mpilipili: Vidokezo vya Kuuvusha Msimu wa Baridi

Kila mwaka baridi ya Juni inapoanza kukaza Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Lushoto, bustani nyingi za nyumbani hupoteza mipilipili ambayo ingeweza kuishi. Majani yakianza kuwa ya njano na maua kudondoka, mwenye bustani huuona mti umekwisha kazi. Anaung'oa, anautupa kwenye lundo la taka, na Septemba anatoa hela kununua miche mipya. Hiyo ni hasara isiyo na sababu. Mpilipili ule ulinyamaza tu kwa kuwa usiku umepoa. Ukiulinda kwa miezi hii mitatu, mizizi yake iliyokwisha kushika ardhi itauamsha mapema kuliko mche wowote wa kitaluni, nawe utachuma wakati jirani bado anasubiri maua.

Vidokezo vifuatavyo ni vya pilipili iliyo nje, ardhini au kwenye ndoo. Aliye na kitalu nyumba ana mambo yake mengine.

1. Ni mti, si mchicha

Mpilipili ni mmea wa kudumu. Kwao asili, Amerika ya Kati na Kusini, hukaa miaka kadhaa, shina likakomaa na kuwa gumu. Pwani yetu pia wapo wenye mpilipili kichaa uliosimama uani miaka mingi, watoto wanazaliwa wanaukuta. Wa nyanda za juu huishi msimu mmoja kwa sababu ya baridi tu, na baridi ina vipimo vyake. Usiku ukishuka chini ya nyuzi joto 15, ukuaji hupungua na maua mengi hudondoka bila kushika tunda. Ukishuka chini ya 10, mmea husimama kabisa. Ukifika sifuri, maji yaliyo ndani ya majani huganda, na jua likitoka unakuta majani yamelegea na kuwa meusi kana kwamba yamechemshwa.

Shina nene na mizizi iliyo ndani ya udongo havifi haraka hivyo. Kazi yetu yote msimu huu ni kuhifadhi hivyo viwili. Majani yakipotea, yapotee; yataota mengine.

2. Chagua wa kuvusha, na mgonjwa usimhurumie

Si kila mpilipili unastahili jasho lako. Kagua mmoja mmoja kabla ya baridi kuingia. Wenye majani yaliyojikunja, yenye madoa ya njano na kijani kwa mchanganyiko, au uliodumaa wakati wenzake wanakua, huenda una virusi. Virusi havina dawa. Vidukari na nzi weupe huvibeba kutoka mti hadi mti, kwa hiyo mti mmoja wa namna hiyo ukiuvusha, utakuwa umeihifadhia ugonjwa miche yako yote ya msimu ujao. Huo ung'oe na uuchome.

Aina nazo hutofautiana. Pilipili zinazolimwa na binadamu ni za spishi tano. Hoho na pilipili ndefu nyingi tunazozoea sokoni ni za spishi moja, Capsicum annuum. Hizi huvuka baridi ya wastani zikilindwa. Pilipili mbuzi, ile ya mviringo yenye harufu tamu na ukali wa kutoa machozi, ni Capsicum chinense, na asili yake ni mabonde yenye joto na unyevu ya Amazoni. Yenyewe ndiyo huteseka kwanza. Pilipili kichaa, Capsicum frutescens, nayo hupenda joto, ila shina lake hukomaa vizuri na likishatimiza mwaka huwa na moyo wa kuchipua upya.

Ipo pia rokoto, Capsicum pubescens, ya milima ya Andes huko Peru na Bolivia. Utaitambua kwa maua ya zambarau, majani yenye manyoya na mbegu nyeusi. Hiyo imezoea ubaridi wa milimani kuliko ndugu zake wote, ingawa nayo jalidi huiunguza. Ukiitamani, tafuta mbegu kwa muuzaji aliyesajiliwa. Usiziingize nchini kwenye begi bila kibali cha afya ya mimea, maana magonjwa mengi ya mashambani yalisafiri kwa njia hiyo.

Na kama ulinunua mbegu chotara, una sababu ya ziada ya kuuvusha mti wenyewe: mbegu utakazotoa ndani ya tunda lake hazitakupa mti unaofanana na mama.

3. Jua baridi yako ni ya namna gani

Hapa ndipo ushauri mwingi unapopotea, kwa sababu watu huzungumzia baridi kana kwamba ni moja.

Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Juni hadi Agosti ni kiangazi. Mvua zimekwisha, hewa ni kavu, na usiku anga ni wazi, nyota tele. Mawingu hufanya kazi kama blanketi juu ya ardhi. Yasipokuwepo, joto lote ambalo udongo ulikusanya mchana hupaa angani, na alfajiri unakuta jalidi nyeupe mabondeni. Adui wa mpilipili wa Makete au wa Uwemba ni usiku mmoja au miwili ya namna hiyo. Mchana wake jua huwaka vizuri na mmea hupumua.

Limuru na Kinangop, huko Kenya, ni hadithi nyingine. Julai huko ni mawingu na manyunyu, jua halionekani siku nzima, udongo umelowa. Mpilipili haupigwi na jalidi wakati huo, unaoza. Magonjwa ya ukungu hushika majani, na mizizi iliyokaa kwenye maji baridi hushindwa kupumua. Jalidi ya nyanda za juu za Kenya hupenda Januari na Februari, anga linapokuwa wazi; ile ya Januari 2012 iliunguza mashamba makubwa ya chai. Kwa hiyo mkulima wa Kinangop ana vita mara mbili kwa mwaka, kila moja na silaha yake.

Wa Tanga, Mombasa na Unguja, nyie pumzikeni. Kipupwe chenu ni upepo mwanana, na mpilipili hufurahi kupungukiwa na jua kali. Upepo wa kusi ndio wa kuangalia: huutikisa mti wenye matunda mengi mpaka mizizi ikalegea. Uusimamishie kijiti, uufunge kwa kamba laini, basi.

Ndugu zetu wa Maskati wao wamegeuziwa kalenda kabisa. Kwao majira ya baridi ndiyo majira ya pilipili, kwa kuwa joto la Juni na Julai hudondosha maua kuliko baridi yoyote. Mpilipili wa Omani hulindwa kiangazi kwa kivuli, na hujaa matunda kuanzia mwisho wa mwaka.

4. Jua liko kaskazini

Jambo hili halisemwi mara nyingi, nalo linabadilisha bustani nzima. Mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini wa ikweta. Kwa aliye Njombe, adhuhuri ya Juni jua humwangaza kutoka kaskazini. Ukiupanda mpilipili kusini mwa nyumba, utashinda kivulini msimu wote wa baridi, na udongo wake hautapata joto la kuweka akiba. Upande wa kaskazini wa nyumba, karibu na ukuta wa tofali au jiwe, ndio mahali pa heshima. Ukuta hunywa jua mchana na kuachia joto taratibu usiku, na upenu wa bati huzuia joto la ardhi lisipotee lote angani.

Jambo la pili ni mteremko. Hewa baridi ni nzito, hushuka. Usiku hutiririka kutoka mlimani kuelekea bondeni na kutuama huko. Ndiyo maana kwenye shamba moja utaona viazi vya chini vimeungua na vya katikati ya mteremko vikiwa salama. Mipilipili ikae katikati ya mteremko. Kama una ua wa miti uliosongamana chini ya bustani, fungua mwanya ili hewa hiyo ipite; ua uliozibwa huigeuza bustani kuwa bwawa la baridi.

Mipilipili ya kwenye ndoo ina faida na hasara. Faida ni kwamba unaihamisha. Hasara ni kwamba ndoo hupoa pande zote, na mizizi hupata baridi ambayo isingeipata ardhini. Zisogeze ndoo upenuni, zikae zimebanana, na yenye thamani kuliko zote ichimbie shimo uizamishe hadi shingoni.

5. Kuanzia Aprili, punguza mbolea

Urea, CAN na samadi nyingi mbichi huchochea majani mapya, mororo, yaliyojaa maji. Majani hayo ndiyo jalidi huyaunguza kwanza, na ndiyo vidukari huyapenda. Mti unaoingia Juni unatakiwa uwe na shina lililokomaa na vikonyo vigumu. Wiki sita hadi nane kabla ya baridi kali, acha mbolea ya kukuzia. Mboji iliyooza vizuri haina ubaya.

Chuma pia matunda yote yaliyokomaa, hata ya kijani, kabla usiku haujaanza kushuka karibu na nyuzi 7. Tunda lililopigwa baridi mtini hulainika na kupata mabaka yaliyobonyea. Ya kijani yageuze achari, mekundu yaanike.

6. Mkasi usubiri

Wengi hukata mti wote mara baridi inapoanza, wakidhani wanaupumzisha. Kwa mti unaolala nje, mimi napinga. Majani ya juu, hata yakiungua, hufunika matawi ya chini yasipate jalidi moja kwa moja. Tena ukikata Juni, siku tatu za jua kali la mchana zinatosha kuamsha vichipukizi vipya, kisha usiku wa nne vinaungua vyote na mti umepoteza akiba yake bure.

Kabla ya baridi, ondoa tu matawi yaliyovunjika, majani yenye madoa na yale yanayogusa udongo. Kazi kubwa ya kupogoa ni mwisho wa Agosti au Septemba, ukishaona usiku umeacha kuuma.

Na jalidi ikipiga? Usikimbilie kukata. Acha matawi meusi yakae kama yalivyo kwa majuma kadhaa, kisha kwaruza ganda la shina kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, hapo pana uhai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena. Kata juu kidogo ya mahali pa kijani, kwenye kifundo ambacho jicho linaanza kuvimba. Mti uliobaki na shina la shubiri moja tu lenye kijani bado ni mti.

7. Maji: asubuhi, na kwa kupima

Kwenye baridi kavu, mpilipili hunywa kidogo lakini haunywi sifuri. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia, pakiwa na unyevu, acha. Mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Kuna siku moja ya kumwagilia hata kama udongo haujakauka sana: mchana wa siku unayotarajia jalidi. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi kuliko mkavu na huliachia usiku, kwa hiyo jua la mchana huo linakuwa halijapotea bure.

Kwenye baridi ya manyunyu, kazi yako ni kuyaondoa maji. Inua tuta, chimba mfereji, hakikisha ndoo ina matundu ya kutosha na haijakaa kwenye sahani yenye maji. Mizizi iliyotota kwa majuma mawili huua mipilipili mingi zaidi kuliko ubaridi wenyewe. Dalili yake huwachanganya watu: majani hulegea kama ya mti wenye kiu, mtu anaongeza maji, na mti unakufa.

8. Matandazo, ila si bustani nzima

Majani makavu, maranda au pumba za mpunga hulinda mizizi vizuri. Weka unene wa kiganja, duara la shubiri mbili kuzunguka mti, na uache nafasi ya vidole vitatu bila kugusa shina ili lisioze wala kuguguniwa na panya. Usitandaze eneo lote, kwa sababu matandazo huzuia jua lisipashe udongo moto mchana, na usiku huzuia joto lisipande kuyafikia majani. Udongo mtupu, ulioshindiliwa na wenye unyevu, hutoa joto zaidi usiku wa jalidi. Kwa hiyo mizizi tunaifunika, na nafasi kati ya mti na mti tunaiacha wazi. Magugu nayo ondoa, yanafanya madhara yaleyale.

9. Kufunika: hapa ndipo mti huokoka au hufa

Kwanza, ujue usiku wa hatari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa miezi ya Juni hadi Agosti na utabiri wa kila siku, sikiliza. Kisha tazama mwenyewe: mchana ulikuwa na jua, jioni upepo umetulia kabisa, hakuna wingu, na ubaridi umeanza kuuma kabla giza halijaingia. Dalili hizo nne zikikutana, funika.

Funika kabla jua halijazama, si wakati wa kulala. Unachofunika ni joto lililobaki ardhini, na baada ya saa tatu usiku sehemu kubwa imekwisha kwenda.

Simika vijiti vinne kuuzunguka mti, virefu kuliko mti wenyewe, kisha tandika shuka kuukuu, kanga mbili zilizoshonwa, magunia ya katani, chochote cha nguo. Kitambaa kifike ardhini pande zote, ukigandamize kwa mawe. Kosa ninaloliona kila mahali ni kukivalisha kichwa cha mti na kukifunga shinani kwa kamba. Hapo umelizuia joto la ardhi lisiingie, na umeyaacha majani peke yake na baridi. Nailoni nayo si mbaya ikiwa imeinuliwa na vijiti, ila ikigusa majani, kila mahali inapogusa pataungua.

Ukitaka nguvu zaidi, weka madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji ndani ya kifuniko, yaliyoshinda juani mchana. Maji hupoa polepole na kila nyuzi yanayopoteza mti unaipata. Usiweke jiko la mkaa wala kibatari ndani. Nguo na moto havikai pamoja, na nyumba ina thamani kuliko pilipili. Moshi wa kuchoma takataka nao haufai. Watu huuamini, lakini moshi hauzuii joto la ardhi kupaa kama wingu lifanyavyo.

Asubuhi jua likishapata nguvu, funua. Mti uliofunikwa mchana kutwa hupata joto jingi kupita kiasi na unyevu wa kualika ukungu.

10. Angalia chini ya majani

Baridi huwapunguza kasi wadudu, haiwaui wote. Chini ya kifuniko vidukari hupata hifadhi sawasawa na mti. Kila juma geuza majani machache. Ukiwakuta, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji kinatosha. Nyunyiza chini ya majani asubuhi, jaribu kwanza kwenye tawi moja, na urudie baada ya siku chache.

Kwa wa Njombe na Makete, neno moja kuhusu viazi mviringo. Pilipili, viazi, nyanya na bilinganya ni ukoo mmoja, na mnyauko wa bakteria hauchagui kati yao. Mpilipili unaokusudia kuuweka miaka miwili usiupande palipotoka viazi.

11. Mbegu mpya zisubiri joto

Mbegu za pilipili huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 25 hadi 30. Zikisiwa nje mwezi Julai milimani hukaa ardhini majuma kadhaa, nyingi zinaoza, na zinazochomoza hushikwa na kinyausi. Zisie mwishoni mwa Julai au Agosti kwenye trei iliyowekwa jikoni karibu na meko, uihamishie kwenye mwanga mara zinapochomoza. Kupandikiza ni hadi jalidi iwe imeaga.

12. Aliye mbali zaidi

Kama unasoma haya ukiwa Minneapolis, Oslo au Berlin, usijaribu nje. Ardhi ikiganda, hakuna shuka wala dumu litakalosaidia. Uingize mti ndani kabla ya jalidi ya kwanza, uukate, uweke dirishani penye mwanga na umwagilie kidogo sana hadi majira ya kuchipua. Walio kusini mwa Hispania, pwani ya California au kusini mwa Florida wanaweza kuufuata mwongozo huu, wakikumbuka tu kwamba kwao jua la msimu wa baridi liko kusini.

13. Septemba usilale

Usiku ukipanda juu ya nyuzi 12 kwa juma zima, toa matandazo ya zamani, pogoa, changanya debe la mboji na udongo wa juu kuuzunguka mti, na uanze kumwagilia kwa ukamilifu. Mbolea ya kukuzia iwekwe machipukizi yakifikia urefu wa kidole, si kabla. Maua ya kwanza yakitokea wakati mti bado una majani machache, yachume. Uache mti ujijenge kwanza. Kutoka ua kufunguka hadi pilipili ya kijani ya kuchuma ni kama siku 35 hadi 50, na milimani huchukua muda mrefu zaidi kuliko pwani.

Kama msimu unakukaribia, anza wiki hii. Zunguka bustani, chagua mipilipili mitatu iliyo na afya kuliko yote, uifunge kitambaa chekundu ili asije mtu akaing'oa wakati wa kusafisha shamba, na utafute shuka zake mapema.